Usoke: Mji wa Njiani na Sanaa ya Viraka

Abiria wengi wa treni ya Kigoma huijua Usoke kwa kuichungulia dirishani tu. Treni ikishaondoka Tabora na kuelekea magharibi, hupenya katika misitu ya miombo na mininga, hupita mashamba ya mahindi na tumbaku, kisha husimama katika kituo hiki kidogo kilicho kati ya Tabora na Urambo. Mizigo hushushwa, jamaa huagana, na safari huendelea. Asiyekuwa na ndugu hapo, wala tumbaku ya kununua, haoni sababu ya kushuka.

Makala haya yanakuomba ushuke. Hutahitaji fedha nyingi wala mzigo mkubwa. Chukua penseli, rula, kifutio na daftari moja la shule, kwa maana tunakwenda Usoke kuchora ruwaza za mfarishi wa viraka. Mfarishi, kama wajuavyo wazee, ni kile kifuniko cha kitanda kilichoshonwa kwa tabaka mbili au tatu za nguo. Mfarishi wa viraka ni ule ambao tabaka yake ya juu imeunganishwa kwa vipande vidogo vidogo vya rangi mbalimbali, vikafanya ua, nyota, ndege au nyumba. Na ruwaza ndiyo ile karatasi inayomwelekeza mshonaji. Fundi cherehani huiita pateni.

Huenda ukauliza: kwa nini kazi hiyo ya sebuleni itafutiwe nauli hadi Unyamwezi? Jibu ni kwamba Usoke iko katika nchi ambayo kwa muda mrefu ilipimwa, ililipwa na ilitozwa kwa kitambaa. Anayependa kucheza na vipande vya nguo hana budi kuiona nchi hii.

NJIA YA NGUO

Kabla ya reli, mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alitembea kwa miguu kwa miezi kadhaa. Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, ndiyo iliyokuwa kituo kikuu cha kupumzikia na kugawana njia: wengine walishika ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, wengine ya magharibi kwenda Ziwa Tanganyika. Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapo Novemba 1857, waliikuta njia hiyo imekwisha kukanyagwa na misafara ya Wanyamwezi wenyewe, Waswahili na Waarabu. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa ratili 60 hadi 70 akavuka nao pori na mbuga. Kilichoteremka pwani kilikuwa pembe za ndovu na, kwa msiba mkubwa, watu waliotiwa utumwani. Kilichopanda bara kilikuwa shanga, waya wa shaba na, zaidi ya vyote, nguo.

Nguo hizo zilikuwa fedha. Merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa, kilipewa jina la nchi kilikotoka, kwa sababu kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts huko Marekani. Kaniki, nguo ya rangi ya nili, ilitoka India. Kwa nguo mpagazi alipewa posho yake, kwa nguo chakula kilinunuliwa vijijini, na kwa nguo hongo ilitolewa kwa watemi ili msafara upite salama. Kipimo kilikuwa mwili wa mtu: mkono mmoja ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, mikono minne ni shuka, mikono minane, yaani shuka mbili, ni doti. Njia hii ilikuwa na thamani kubwa hata watu waliipigania. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya magharibi, na Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Mirambo alifariki Desemba 1884. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mabega ya wapagazi yakapumzika.

Lakini maneno hayakupumzika. Leo mama anapoingia dukani na kuomba doti ya kanga, analitamka neno lile lile lililotumika msafarani, na anachopewa ni nguo mbili zilizoungana, kama vile doti ya kale ilivyokuwa shuka mbili. Tena kanga yenyewe, kwa mujibu wa simulizi ya pwani, ilianza kwa kiraka. Katika karne ya 19 leso za mkononi zilikuwa zikiuzwa zikiwa bado zimeungana katika mtande mmoja. Kina mama wa pwani wakabuni kununua leso sita kwa pamoja, wakazikata tatu kwa tatu na kuzishona ubavu kwa ubavu, wakapata vazi jipya ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Wafanyabiashara walipoona hivyo, waliagiza nguo iliyopigwa chapa nzima ya namna hiyo. Ndiyo sababu hata sasa wako wanaoiita kanga kwa jina la leso. Basi nguo tunayoiona kuwa yetu kabisa ilizaliwa kwa mkasi, sindano na mtu mmoja kumwonyesha mwenziwe alivyofanya.

Vivyo hivyo mkeka wa ukindu: msusi husuka ukili mrefu mwembamba, kisha huushona ukili kwa ukili mpaka mkeka uenee. Kuunganisha vipande ili vizae umbo kubwa ni kazi ya jadi kwetu. Kilicho kigeni kwa wengi ni kuiandika kazi hiyo juu ya karatasi, na hapo ndipo tulipokusudia kufika.

NYUMBA YA VIPANDE SABA

Amka mapema Usoke, wakati wenyeji bado wanaamkiana kwa “mwangaluka”, ukatafute mahali pa kukaa penye kivuli. Usiiangalie nchi kama mpiga picha, ambaye huchukua kila kitu kwa mara moja. Iangalie kama mshonaji, ambaye hutafuta mistari iliyonyooka. Reli ni mistari miwili, na mataruma yake ni mistari mifupi inayoikata. Mzinga wa nyuki uliotundikwa mtini, alama ya mkoa huu wa asali, ni mstatili mrefu wenye kamba mbili. Mwembe, mti ambao Tabora inasifika kwa wingi wake, ni kigogo kifupi chini ya kilemba kipana. Nyumba ya msonge ni pembetatu juu ya ukuta mfupi. Na katika mashamba ya tumbaku utaona mabani, yaani vibanda vya kukaushia majani ya tumbaku, ambavyo vina paa, ukuta na mlango mdogo. Tumbaku ilishika mizizi katika wilaya hii baada ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kuanguka.

Tuanze na bani, kwa kuwa ni umbo rahisi. Katika daftari lako chora mstatili wenye upana wa inchi sita na kimo cha inchi tatu. Katikati ya mstari wa juu weka nukta, kisha ivutie mistari miwili iendayo kwenye pembe za chini, kulia na kushoto. Umepata paa katikati na mbingu pande mbili. Paa liandike 1, mbingu ya kushoto 2, na ya kulia 3. Kwenye ukurasa mwingine chora mstatili wa pili wa kipimo kile kile. Huu ni ukuta. Mlango ulio katikati chini uandike 1. Sehemu iliyo juu ya mlango, yenye upana ule ule wa mlango, iandike 2. Ukuta wa kushoto, kutoka juu hadi chini, 3. Na wa kulia, 4. Nje ya kila mstatili ongeza robo inchi pande zote, iwe akiba ya mshono. Sehemu hizo mbili zikishonwa pamoja zitafanya mraba wa inchi sita wenye vipande saba.

Sasa utaniuliza faida ya karatasi ni nini, ilhali fundi aweza kukata vipande kwa macho. Faida yake ni kwamba kitambaa hudanganya na karatasi haidanganyi. Kipande cha kitenge kikikatwa mshazari huvutika. Ukivishona vipande saba vilivyovutika, mraba wako utakuwa na tumbo. Katika ufundi huu kitambaa hushonwa pamoja na karatasi yenyewe, na sindano hufuata mstari uliochorwa. Hata mtoto wa shule aliyekwisha kujua kuendesha cherehani atapata pembe kali kama za fundi wa miaka mingi.

Mwendo wake ni huu. Weka kipande cha kwanza cha nguo nyuma ya karatasi, upande usio na mistari, uso wake ukitazama nje, nacho kienee namba 1 na kuzidi kidogo kila upande. Kipande cha pili kilaze juu yake, uso kwa uso. Geuza karatasi ili mistari iwe juu, ushone juu ya mstari unaotenga 1 na 2. Punguza nguo inayozidi, ubakize robo inchi. Fungua kipande cha pili kama unavyofungua ukurasa, ukipige pasi, kisha uende namba 3. Mshono uwe mfupi kuliko kawaida, ili karatasi itobolewe matundu mengi na kuchanika kwa urahisi. Usiichane mpaka miraba yote imeunganishwa, kwa sababu karatasi ndiyo inayoshika umbo.

Kanuni ya mchoraji ni moja tu, lakini ni kali: kila mstari unaoongezwa lazima uweze kushonwa mara moja, moja kwa moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukunja kona. Penye kona mchoro hugawanywa sehemu mbili, kama tulivyolitenga paa na ukuta. Mwembe utakuhitaji sehemu mbili. Mzinga sehemu tatu. Reli inayokwenda mbali na kupungua upana itakufikirisha jioni nzima. Hapo ndipo starehe ya kazi hii ilipo. Ni fumbo unalojitegea na kulitegua mwenyewe.

Zingatia jambo moja zaidi. Kwa kuwa nguo iko nyuma ya karatasi, picha hutokea kinyume, kama kwenye kioo. Bani letu halina hasara, maana kushoto na kulia kwake hulingana. Lakini ukichora kichwa cha treni kikielekea Kigoma, kikishashonwa kitakuwa kinarudi Tabora! Mchoraji mwangalifu huandika juu ya karatasi yake kwamba picha itageuka, ili atakayeipokea asishangae.

KUGAWA NA KUFICHA

Na hilo neno “atakayeipokea” ndilo linaloleta mjadala. Ukifika panapokaa mafundi cherehani katika mji wowote wa nchi yetu, utaona karatasi za kaki zilizokatwa kutoka mifuko ya saruji, au magazeti ya zamani, zimetundikwa msumarini. Hizo ni pateni: kola, mkono, kiuno. Mwamkie fundi, umwombe umwazime moja, na huenda akacheka tu. Atakuambia kwamba karatasi ile ndiyo shamba lake. Mwenye kuigawa amegawa wateja. Maneno hayo si ya uchoyo. Ni ya mtu mwenye watoto na kodi ya chumba.

Ukimgeukia mama anayedarizi mashuka nyumbani kwa kujifurahisha, utasikia jambo jingine. Tangu zamani kina mama wetu wamepeana michoro ya mashuka, foronya na vitambaa vya makochi: tausi, mawaridi, njiwa wawili, na maneno ya kumtakia mtu usingizi mwema. Mmoja huazima kitambaa cha jirani, hukilaza juu ya karatasi ya kaboni, hukifuatisha kwa penseli, na kesho yake ua lile limechanua nyumba ya tatu. Hakuna aliyelipwa. Lakini pia hakuna anayejua ni nani aliyelichora ua hilo kwanza. Amepokewa kazi yake, amepotezwa jina lake.

Hapa pana hatari mbili, ndugu msomaji, na kila moja ni hasara ya kweli. Karatasi inayofichwa hufa na mwenyewe. Mama akifariki, sanduku lake la bati hufunguliwa; nguo hugawiwa ndugu, vyombo hugawiwa ndugu, na yale makaratasi yenye mistari na namba zisizoeleweka huwashiwa moto au hufungiwa karanga. Kazi ya miaka 30 huisha asubuhi moja, na hakuna anayelia kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimepotea. Kwa upande wa pili, karatasi inayogawiwa bila jina huishi, bali mwenyewe husahauliwa angali hai. Na siku moja atakuta mchoro wake unauzwa sokoni na mtu asiyemfahamu, naye hana la kusema.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi ya sanaa ya mtu aliyeibuni, na mchoro ni miongoni mwa kazi hizo. Haimpi mtu umiliki wa wazo: hakuna awezaye kusema kwamba mabani yote, au nyota zote, ni zake. Lakini mistari ile uliyoifikiria wewe, kwa mpangilio ule, ni kazi yako hata kama hukuiuza. Hata hivyo ni watu wachache watakaokwenda mahakamani kwa ajili ya mraba wa inchi sita. Ulinzi wa kila siku ni adabu.

Kwa maoni yangu, fundi na mama wote wawili wana haki, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja. Pateni ya fundi ni zana ya riziki; asishurutishwe kuitoa. Ruwaza ya mtu anayechora baada ya kazi, kwa raha yake, haipungui inapogawiwa. Nikikupa kibaba cha unga, kibaba kimenitoka. Nikikupa nakala ya bani langu, bani bado liko daftarini mwangu, na sasa yako mawili. Tena lako huenda likawa na dirisha ambalo mimi sikulifikiria. Atakayefaidi ni yule atakayeliona dirisha hilo na kuniletea habari.

WENGINE WALIFANYAJE?

Tukiangalia nchi nyingine, tutaona kwamba karatasi ya mshonaji huweza kuishi kuliko mshonaji mwenyewe. Huko Uingereza upo mfarishi wa hariri ulioshonewa tarehe yake, mwaka 1718. Vipande vyake vilikunjwa juu ya karatasi na kuungwa kwa mkono, na karatasi zake zimo ndani hadi leo. Katika mifarishi ya namna hiyo watafiti wamekuta vipande vya barua, hesabu za nyumbani na magazeti, yaani maisha ya watu yaliyohifadhiwa na mtu ambaye hakukusudia kuhifadhi chochote ila pembe za nguo yake.

Marekani, gazeti la Kansas City Star lilichapisha ruwaza za viraka kuanzia mwaka 1928 hadi 1961. Nyingi zilitumwa na wasomaji wenyewe, wake wa wakulima na watu wa miji midogo, na majina ya waliozituma yakachapishwa. Msomaji alikata kipande cha gazeti kwa mkasi, akakihifadhi koponi. Zilipatikana ruwaza zaidi ya 1,000 kwa njia hiyo. Angalia jinsi miji ambayo treni haikusimama kwa muda mrefu ilivyojulikana kwa sababu mtu mmoja wa huko alichora nyota na kuiweka jina la mahali pake.

Na karibu nasi zaidi, ng'ambo ya bahari ile ile iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara, wako Wasidi wa Karnataka nchini India, wazao wa Waafrika ambao wengi wao walipelekwa Goa na Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za jamaa. Huanza ukingoni, wakazunguka kuelekea katikati, wakiipiga bandi kwa mkono, bila karatasi wala rula. Kila pembe huwekewa vijipande vilivyokunjwa viitwavyo maua, na bila maua hayo mfarishi huhesabiwa kuwa uchi. Hawa hawakuandika, bali walifundishana goti kwa goti. Njia zote mbili ni njema, ila ya pili inahitaji mtu kuwa karibu na mwenziwe. Na sisi wa mjini tumeacha mama na mashangazi zetu mbali.

ADABU ZA KARATASI

Ukitaka kugawa ruwaza yako, basi, fuata mambo machache. Kwanza, ishone mwenyewe kabla ya kuitoa. Mchoro unaopendeza penseli waweza kumtesa sindano. Pili, andika jina lako, mwaka, na jina la mahali ulikoipatia: “Bani la Usoke” ni jina zuri kuliko “Mraba Na. 4”. Tatu, chora pembeni mstari wa inchi moja kamili. Nakala za mashine na picha za simu hukuza au hupunguza bila kukuarifu. Anayepokea akiupima mstari huo atajua kama kipimo kimeharibika. Nne, eleza kama picha itageuka. Tano, andika ruhusa yako wazi: je, mwenye kushona mfarishi kwa ruwaza yako aweza kuuza mfarishi huo? Je, aweza kuuza karatasi yenyewe? Neno moja la mapema huokoa ugomvi wa miaka.

Nawe unayepokea una wajibu wako. Usifute jina. Ukibadili kitu, andika jina lako chini ya la kwanza, kama watu wawili waliojitwika mzigo mmoja kwa zamu. Na ukipata kosa, mrudishie habari aliyechora, kwa upole.

NYUMBANI MWAKO

Pengine unaishi chumba kimoja Manzese, Mwanza au Tanga, unafanya kazi kwa zamu, na unaona kwamba mambo haya ni ya watu wenye nafasi. Hebu tupige hesabu. Mfarishi wa mtoto mchanga wenye miraba mitano upana na saba urefu una miraba 35, na upana wake ni inchi 30 kwa 42. Kwa ruwaza ya bani hiyo ni vipande 245. Ni vingi ukivitazama kwa siku moja. Lakini mraba mmoja kila Jumapili utakumalizia kazi katika miezi minane. Nguo si tatizo kubwa: kanga iliyochanika katikati bado ina pindo zima, shati la kazi lililoisha kola bado lina mgongo, na fundi wa jirani hufagia vipande vya vitenge kila jioni. Mwombe kwa heshima, ulipe kidogo. Katikati tia blanketi kuukuu, au sufi kama unayo. Nyuma tia kaniki. Kwa karatasi, ukurasa wa daftari unatosha kila sehemu ya bani. Gazeti hili pia lafaa kwa kujifunzia, ukishalisoma, ila usilitumie chini ya nguo nyeupe, kwani wino wake huweza kuhama chini ya pasi.

Wagawie kazi watu wa nyumbani. Mtoto wa darasa la nne atapiga mistari na kujifunza pembetatu bila kuchapwa. Baba aliyezoea kusoma michoro kiwandani ataona mara moja ni sehemu ipi inayotangulia kushonwa. Bibi ataijua kila nguo ilivaliwa na nani na lini. Mwisho wa miezi minane mtakuwa na kitu cha kumfunika mtoto, na pia daftari. Lipeni daftari hilo heshima ya mfarishi wenyewe: lisichanganywe na karatasi za kuwashia jiko.

Usoke, kwa upande wake, inaendelea kuwa mji wa njiani. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Treni ziendazo kasi humpunguzia abiria muda wa kutazama. Bani, mzinga, msonge na mwembe vitaonekana dirishani kwa nukta chache tu, na baadhi yake, kama msonge, vinazidi kuwa adimu hata kwa anayetembea kwa miguu. Hatuwezi kuizuia nchi isibadilike, wala haifai. Lakini twaweza kuichora ilivyo, kipande kwa kipande, tukaandika jina la mahali na la mchoraji, tukampa jirani nakala. Njia ile ya kale haikuishi kwa sababu ya mali iliyofungiwa Tabora. Iliishi kwa sababu kila mzigo uliofika ulipata bega jingine la kuupokea.